Kioo cha kompyuta kama TV ya nyumbani: filamu inaonekana vizuri kiasi gani?

Msimu wa pamba unapofunguliwa na wakulima wa Simiyu kuanza kulipwa, maduka ya vifaa vya umeme mjini Bariadi hupokea wateja waliokusudia kurudi kijijini na TV. Pembeni ya TV mpya zilizo kwenye maboksi, mteja hukuta kioo cha kompyuta cha mtumba: chembamba, cheusi, kilichokwisha kutumika ofisini nchi nyingine, na bei yake iko chini kuliko ya TV ya ukubwa huohuo. Muuzaji anachomeka laptopu, anaweka video ya muziki yenye rangi kali, na picha inang'aa kweli. Mteja analipa.

Shida huanza usiku, nyumbani. Taa imezimwa, baba yuko kwenye kiti, mama pembeni, watoto mkekani. Filamu inafika mahali ambapo mtu anaingia kwenye nyumba yenye giza, na nusu ya watazamaji hawaoni kitu. Sauti nayo haipo, kwa sababu kioo hakina spika. Asubuhi king'amuzi kinachomekwa na kioo kinaandika kwamba hakikubali ishara hiyo. Fedha ya pamba imekwenda na haitarudi mpaka msimu ujao.

Hii haina maana kwamba vioo vya kompyuta ni vibovu. Vipo vinavyoonesha filamu vizuri kuliko TV nyingi za bei ya chini. Lakini kioo cha kompyuta kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, ameketi mbele yake moja kwa moja, umbali wa mkono, mchana, anasoma maandishi. Filamu hutazamwa na watu wengi, kwa mbali, wengine wakiwa pembeni, chumba kikiwa na giza. Karibu kila lawama utakayosikia juu ya vioo hivi inatokana na tofauti hiyo.

Giza lisilokuwa jeusi

TV ya chogo ilitengeneza mwanga wake palepale kwenye kioo. Mahali pa picha palipotakiwa kuwa peusi hapakupigwa na miali, na kwa hiyo palibaki peusi. LCD hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote. Mbele ya taa hiyo kuna tabaka la fuwele kimiminika, yaani kitu kilicho kati ya kimiminika na kigumu, ambacho hujipanga upya kinapopewa umeme kidogo. Fuwele hizo, zikishirikiana na karatasi mbili maalumu za kuchuja mwanga, huwa kama mamilioni ya vidirisha vidogo vinavyofunguka na kufunga. Weupe ni kidirisha kilichofunguka, weusi ni kidirisha kilichofungwa.

Vidirisha hivyo havifungi kabisa. Mwanga kidogo huvuja. Mchana huoni kitu, lakini zima taa uweke picha ya usiku, utaona kwamba kile kinachoitwa cheusi ni kijivu, kama moshi. Watengenezaji hupima jambo hili kwa kulinganisha weupe wa juu kabisa na weusi wa chini kabisa. Kioo kilichoandikwa 1000:1 kina weupe unaozidi weusi wake mara 1,000. Vioo vingi vya ofisini viko hapo au chini kidogo. Ukikuta tangazo lenye 1,000,000:1 au zaidi, hilo ni hesabu ya kioo kinachopunguza taa yake chote kwa pamoja picha inapokuwa ya giza. Haikusaidii pale ambapo kwenye picha hiyohiyo kuna mwezi na kichaka.

Kuna aina tatu za LCD, na kuzijua kuna faida kuliko kujua jina la kampuni. Ya kwanza ni TN, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo ndiyo ya bei ya chini. Ya pili ni IPS, ambayo Hitachi ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1996. Ya tatu ni VA. Katika suala la weusi, TN na IPS zinakaribiana, zote zikiwa karibu na 1000:1. VA hufika 3000:1 na zaidi, na kwa filamu za usiku tofauti hiyo inaonekana kwa macho bila kifaa chochote. TV nyingi za kawaida hutumia VA, na hiyo ndiyo sababu moja ya TV kuonesha giza vizuri kuliko kioo cha ofisini.

Aliye na TN au IPS anaweza kupunguza tatizo. Kwanza, teremsha mwangaza wa kioo usiku. Vioo vya ofisini hutoka kiwandani vikiwa vimewekewa mwanga wa kushindana na jua la dirishani, na kwenye vioo vingi kitufe cha mwangaza ndicho kinachopunguza taa ya nyuma, kwa hiyo mwanga unaovuja nao unapungua. Pili, usitazame kwenye giza totoro. Weka taa ndogo nyuma ya kioo, iangaze ukuta, isipige macho. Jicho likiona ukuta wenye mwanga kidogo, kijivu cha kioo huonekana kuwa cheusi. Ni ujanja wa macho tu, lakini unafanya kazi na gharama yake ni balbu moja ya wati 3.

La tatu halijulikani sana. Katika picha za TV, weusi huandikwa kwa namba 16 na weupe kwa 235. Kompyuta hutumia 0 hadi 255. King'amuzi au kifaa cha muvi kinapopeleka picha ya TV kwenye kioo kinachosubiri picha ya kompyuta, weusi wa 16 huoneshwa kama kijivu na weupe wa 235 hufifia. Picha nzima inakuwa kama imefunikwa na chandarua. Watu wengi huamua kwamba kioo kimezeeka. Kabla ya kulaumu kioo, ingia kwenye menyu yake au ya kifaa unachokitumia, utafute sehemu ya kiwango cha rangi za RGB au ya weusi, ubadilishe uone.

Aliyekaa mkekani

Hapa ndipo vioo vya TN huwaangusha wanafamilia. Ukisimama mbele ya kioo cha TN, picha ni nzuri. Sogea pembeni, rangi zinaanza kugeuka njano au kufifia. Inuka juu, inakuwa nyeupe. Keti chini, na hapo ndipo pabaya zaidi: picha inakuwa nyeusi, na ukishuka zaidi rangi zinapinduka kama picha ya negativu, uso wa mtu unakuwa mweusi na nywele nyeupe.

Sasa fikiria sebule zetu zilivyo. TV huwekwa juu ya kabati au kwenye meza ndefu ili watoto wasiiguse. Watoto huketi chini. Yaani walio wengi wanakaa upande mbaya kabisa wa TN, huku mnunuzi, aliyekijaribu dukani akiwa amesimama mbele yake, akiwa hana habari.

Maboksi ya TN huandikwa kwamba kioo kinaonekana kwa nyuzi 170 kwa 160. Namba hiyo si uongo, ila kipimo chake ni kirahisi mno: huhesabiwa mpaka pale ambapo weupe unazidi weusi mara 10 tu. Picha ya namna hiyo inaonekana, lakini hakuna mtu angeiita nzuri. IPS haina shida hii kwa kiasi kikubwa, na rangi zake hubaki zilezile kwa anayekaa pembeni. VA iko katikati: kwa pembeni weusi wake unapungua na sura za watu hufifia, ila haipinduki rangi kama TN.

Kama tayari una TN, kiinamishe mbele kiwatazame waliokaa chini, au kishushe. Vioo vingi vya kompyuta vina matundu manne ya skrubu mgongoni, yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 75 au 100. Huo ni mpangilio wa kimataifa, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kishikio cha ukutani kinachoinama mbele kwa kutumia vipande vya chuma.

Umbo na ukubwa

Vioo vya inchi 17 na 19 vilivyo karibu na mraba ndivyo vya bei ya chini kabisa, na kwa filamu ndivyo vinavyopoteza nafasi kubwa. Upana wake kwa kimo ni 5 kwa 4. Filamu nyingi za Hollywood na India ni pana sana, karibu 2.4 kwa 1. Ukiiweka filamu hiyo kwenye kioo cha mraba, inatumia karibu nusu ya kioo, na nusu nyingine ni mikanda myeusi (au ya kijivu, kama tulivyoona) juu na chini. Kwenye kioo cha inchi 19 cha namna hiyo, picha yenyewe ina kimo cha sentimita 16 hivi, zaidi kidogo ya urefu wa kalamu ya wino. Tamthilia na mpira, ambavyo ni 16 kwa 9, hutumia asilimia 70 ya kioo hicho.

Wapo wanaobonyeza kitufe cha kuvuta picha ijae kioo chote. Picha inajaa, na kila mtu anakuwa mrefu na mwembamba. Ni hiari yako.

Kioo kipana cha inchi 22 au 24 kinafaa zaidi. Lakini angalia umbali. Kwa kioo cha inchi 22, mtazamaji hunufaika na ubora wa picha akiwa kama mita moja hadi moja na nusu. Sebule yenye watu sita huwa na wengine walio mita tatu kutoka kwenye kioo. Hao wataona filamu, ila maandishi madogo ya tafsiri chini ya picha watayakosa.

Ubora wa filamu yenyewe nao unaingia hapa. Filamu za Bongo za kizazi cha Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, ziliuzwa kwa wingi kwenye VCD na DVD. Picha ya VCD ina nukta 352 kwa 288, jumla kama 101,000. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya 2,000,000. Kila nukta ya filamu inalazimika kutandazwa juu ya nukta 20 za kioo, na LCD, ambayo ni kali kuliko chogo, huonesha kila kasoro: vibokisi kwenye sura, mawimbi pembeni ya maandishi. TV ya chogo ililainisha kasoro hizo bila mtu kujua. Kwa mwenye maktaba ya VCD za zamani, kioo kidogo au chogo kilekile kitamfurahisha kuliko kioo kikubwa kipya, na huo si ushamba.

Mwendo wa picha

Wauzaji hupenda kutaja milisekunde: kioo hiki ni 5, kile ni 2. Hicho ni kipimo cha muda ambao nukta huchukua kubadilika rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vioo vya milisekunde 25 vilikuwa vya kawaida, na mpira ulipopigwa ulionekana una mkia. Kwa filamu jambo hili lina uzito mdogo. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, kila picha inakaa zaidi ya milisekunde 41, na kioo chochote cha miaka 15 iliyopita kinaweza kuwahi. Usiongeze hela kwa ajili ya milisekunde kama hukusudii kucheza gemu.

Jambo lenye uzito ni hesabu nyingine. Vioo vya kompyuta huchora picha mara 60 kwa sekunde. Huwezi kugawa 60 kwa 24 bila kubaki, hivyo picha moja ya filamu huoneshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, halafu tatu tena. Kamera ikipita polepole juu ya mandhari, jicho makini litaona picha inashtuka kidogo. Wengi hawaoni, na wakionyeshwa hujuta kuonyeshwa.

Tanzania, kama sehemu kubwa ya Afrika, ilirithi mfumo wa TV wa 50 kwa sekunde, wenye picha 25. Filamu zilizotiwa kwenye DVD za mfumo huo huongezwa mwendo kutoka 24 hadi 25, na filamu ya saa mbili humalizika karibu dakika tano mapema. Vioo vingi vya kompyuta hukubali 50, vingine hukataa na kuandika kwamba ishara iko nje ya uwezo wake. Huyu ndiye aliyemshangaza mnunuzi wetu wa mwanzo. Mara nyingi tiba ni kuingia kwenye menyu ya king'amuzi na kubadilisha kutoka 50 kwenda 60. Picha itatokea, ingawa mpira utaonekana unakwama kidogo pale mpigaji anapoukimbiza kwa kasi. Tatizo ni kwamba ili ufike kwenye menyu hiyo unahitaji kuiona, na kioo chako hakioneshi. Azima TV ya jirani kwa dakika tano.

Sauti, ambayo huwa haihesabiwi

Watazamaji wa filamu nchini wamezoea kusikiliza filamu kama wanavyoitazama. Kabla ya intaneti kuenea, mabanda ya video na kanda zilijaa sauti za wasimulizi waliotafsiri filamu za Hollywood, India na China kwa Kiswahili, wakiongeza utani na maelezo yao. Lufufu ni mmoja wa waliojipatia jina nchi nzima kwa kazi hiyo, na waliomfuata bado wanasikika kwenye kila duka la kuingiza muvi kwenye flashi. Mtazamaji wa namna hiyo akikosa sauti amekosa filamu.

Vioo vingi vya kompyuta havina spika. Vyenye spika vina za wati moja au mbili, zinazotosha mlio wa barua pepe. Kebo ya zamani ya VGA, ile yenye kichwa cha bluu na skrubu mbili, haibebi sauti kabisa. HDMI inabeba, lakini kioo kisichokuwa na spika kinahitaji angalau tundu la kutolea sauti, na si vyote vilivyo nalo. Kwa hiyo sauti itoke kwenye laptopu au kwenye king'amuzi, iende kwenye sabufa. Ving'amuzi vingi vina matundu mekundu na meupe kwa ajili hiyo. Katika kupanga fedha, hesabu kioo na sabufa kama kitu kimoja. Ukijumlisha hivyo, nafuu ya bei ikilinganishwa na TV ndogo mpya hupungua sana, na wakati mwingine huisha.

Kuunganisha na king'amuzi

Utangazaji wa analojia ulianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kuanzia mwaka 2013. Tangu hapo kioo cha kompyuta kimekuwa na nafasi ambayo hakikuwa nayo: kwa kuwa king'amuzi ndicho kinachopokea matangazo, unachohitaji ni kitu cha kuonesha picha tu.

Kama kioo kina tundu la HDMI, kazi imekwisha. Kama kina DVI, kebo ya kutoka HDMI kwenda DVI hupitisha picha vizuri, bila sauti. Kama kina VGA pekee, utahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA. Nunua chenye tundu la sauti pembeni. Ujue pia kwamba baadhi ya chaneli za kulipia na baadhi ya vifaa vya muvi hufunga picha kwa ulinzi wa hakimiliki unaopita kwenye HDMI, na VGA haina uwezo wa kuujibu. Unaweza kukuta menyu inaonekana, chaneli moja inaonekana, nyingine ni giza. Kebo ni nzima, king'amuzi ni kizima, na hakuna fundi atakayekutengenezea.

Njia nyingine inayotumiwa na mafundi ni kutoa bodi ya kompyuta ndani ya kioo na kuweka bodi ya TV inayokubali vioo vya aina nyingi. Kioo kinapata rimoti, tundu la flashi, la antena na la spika. Kazi hii ikifanywa vizuri hudumu. Hatari yake kubwa ni kipini kidogo kwenye bodi kinachochagua kama kioo kipewe volti 3.3, 5 au 12. Kikiwekwa mahali pa volti 12 kwa kioo cha volti 5, kioo kinakufa palepale. Fundi anayesoma karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kioo kabla ya kuwasha ndiye wa kumpa kazi.

Umeme na sola

Chogo cha inchi 21 hutumia takribani wati 80. Kioo cha LCD cha inchi 22 chenye taa za LED hutumia kama wati 25. Kwa saa nne kila siku, chogo humaliza uniti 9 hadi 10 kwa mwezi, kioo humaliza uniti 3. Kwa familia iliyo kwenye kundi la D1 la TANESCO, linalowahusu wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, tofauti haifiki shilingi 700 kwa mwezi. Anayekushawishi ununue kioo ili kuokoa umeme wa gridi anakuuzia sababu ndogo.

Kwenye sola hesabu inageuka. Betri ya 12V yenye 100Ah, ikitumiwa nusu ili isife mapema, inatoa kama wati 600 kwa saa moja. Kioo, king'amuzi na sabufa ndogo kwa pamoja, pamoja na upotevu wa inveta, vinaweza kula wati 60. Hiyo ni saa kumi. Weka chogo mahali pa kioo, unabaki na saa tano. Kwa kijiji cha Meatu au Itilima kisichofikiwa na nguzo, hiyo ni tofauti kati ya filamu mbili na filamu nne, na kwa mwenye banda ni tofauti kati ya kurudisha mtaji na kutorudisha. (Mwenye banda akumbuke pia kwamba maonesho ya umma yanasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Ukubwa wa kioo hauondoi hitaji la kibali.)

Vioo vyenye taa za kizamani za mrija, vilivyo vinene kidogo, hula zaidi: inchi 19 hufika wati 30 hadi 40. Mirija hiyo ina zebaki kidogo ndani yake, kwa hiyo kioo kilichokufa kisipasuliwe na watoto wala kuchomwa moto.

Kabla ya kulipa

Nenda na flashi yako yenye filamu unayoijua, na uchague kipande cha usiku. Video ya muziki aliyoiweka muuzaji imechaguliwa ikupendeze. Mwombe afunge pazia au akisogeze kioo kwenye kona ya giza. Kisha chuchumaa. Ukiwa chini, tazama juu: kama picha imegeuka nyeusi au rangi zimepinduka, hicho ni TN, na bei iwe ya TN. Sogea kushoto na kulia. Weka picha nyeupe tupu kutafuta nukta zilizokufa na madoa, halafu nyeusi tupu kuona kona zinazovuja mwanga. Kiache kikiwaka angalau dakika ishirini. Vioo vingi vya mtumba huwaka vizuri vikiwa baridi.

Ugonjwa unaovipata sana ni wa kapasita kwenye bodi ya umeme, hasa pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Dalili ni kioo kuwaka sekunde mbili na kuzima, au kuchelewa kuwaka kila siku zaidi ya jana. Kabla ya kukitupa, washa tochi uiinamishe karibu na kioo kwenye giza. Ukiiona picha kwa mbali sana, kioo chenyewe ni kizima, kilichokufa ni taa au bodi inayoilisha. Fundi atafungua na huenda akakuta kapasita mbili tatu zimevimba kichwa. Hizo ni vifaa vya bei ndogo sana, na usiwaruhusu wakubadilishie bodi nzima kabla ya kuzitazama.

Vumbi la kiangazi likikitanda kioo, kizime kwanza, futa kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo na kukamuliwa. Dawa za kusafishia madirisha na spiriti huharibu utando wa juu wa LCD, na doa lake halitoki tena.